Kikuku Kinachotangulia

Tusekile alikuwa amemshika mteja kichwa, kitana mdomoni, aliposema, "Subi, hebu njoo umsikie mwenzako alivyokuvaa."

Saluni ya Tusekile iliegemea nyumba ya Subilaga ukuta kwa ukuta, hapo Tukuyu. Kwa miaka mingi wanawake waliokuja kusukwa walikuwa wakisikia gitaa la umeme likirudia kipande kimoja upande wa pili, hata wengine wakakijua kuliko mpigaji mwenyewe. Subilaga aliingia na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni. Tusekile akaigusa simu kwa kidole cha mwisho, kile kisicho na mafuta.

Wimbo uliitwa "Chumvi", na mwimbaji alijiita Udongo. Ngoma nzito, besi, magitaa mawili yanayokwaruza, na sauti ya mwanamume iliyokaa nyuma kama vile anaimba kutoka chumba cha jirani. Ilikuwa roki ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani akapiga kila kitu mwenyewe. Subilaga alisikiliza kwa heshima, kama fundi anavyoitazama kazi ya fundi mwenzake. Halafu, karibu na mwisho, wimbo ukaanza kukimbia.

Haukukimbia kwa sababu mpigaji hajui mapigo. Ngoma ilianza kuharakisha, besi ikaifuata, magitaa yakashikwa mkono yakaburutwa, na sauti ikaja nyuma ikihema.

"Huyo ni wewe," Tusekile alisema. "Ni wewe umevaa suruali ya mtu."

Mteja alicheka, akavutwa nywele, akanyamaza.

Subilaga hakucheka. Kukimbia kule alikujua kulikotoka. Nyumba yake ilikuwa na paa la bati lisilo na dari, na Tukuyu mvua hainyeshi tu, inahamia. Ikishaanguka juu ya bati, hakuna kipaza sauti kitakachosikia kitu kingine. Tangu alipokuwa msichana akirekodi kwa simu na gitaa la kuazima kwa kwaya, alijifunza kuviziavizia. Aliutazama mlima dirishani, na wingu likianza kushuka alikaa kwenye ngoma na kupiga. Kikifika kiitikio cha pili alikuwa akisikia matone kwenye paa la shule, kisha kwenye paa la jirani, na mikono yake ilikuwa inaharakisha ili amalize kabla hayajamfikia. Ngoma ndizo alizorekodi kwanza, kwa hiyo vyombo vingine vyote vililazimika kuzifuata. Alijaribu kujirekebisha akashindwa. Baadaye watu wakaupenda udhaifu huo kuliko mambo aliyoyapanga.

"Labda naye ana bati," alisema.

"Bati Dodoma? Huyo anakaa Dodoma, mama. Mvua huko wanaisikia redioni."

Subilaga aliomba wimbo urudiwe. Aliuomba tena. Chai ilipoa mkononi.

*

Siku hizo nyimbo zilikuwa nyingi kuliko masikio. Mashine zilizitunga mtu akiwa anapiga mswaki, na zilikuwa nzuri. Hapo ndipo ilipokuwa shida. Watu walianza kuchoka na uzuri usio na mtu ndani yake. Ndipo ukaja Muhuri wa Mkono, alama ndogo ya kijani iliyowaka pembeni mwa jina la wimbo, kuonyesha kwamba umepigwa na mkono wa binadamu aliye hai. Wasikilizaji walilipia alama hiyo. Wimbo usio nayo uliachwa uende bure.

Alama ilitegemea vikuku. Mwanamuziki alivaa kimoja kila mkono anaporekodi, navyo vikasoma mishipa na misuli, vikapeleka habari kwa Baraza la Muhuri, na huko zikalinganishwa na sauti. Mkono na sauti vikikubaliana, alama iliwaka. Kila baada ya pigo kikuku kilitoa msisimko mdogo, kama mdudu anayepita juu ya ngozi. Wavaaji waliambiwa kwamba hapo kinajipima kama bado kimegusa mwili. Baada ya wiki moja mtu alikuwa hausikii tena.

Kabla ya Muhuri, Subilaga alikuwa ametoa albamu nne zilizosikilizwa na binamu zake. Baada ya Muhuri aliacha kufundisha shule ya awali. Watu wa Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi walimlipa aendelee kukaa chumbani na godoro lililosimamishwa ukutani. Hakuwahi kupanda jukwaani. Kwenye majalada yake aliweka picha ya bati lenye kutu, kwa hiyo hakuna aliyeijua sura yake. Albamu ya mwisho ndiyo iliyompa jina kuliko zote, hasa kwa sababu ya kimya kifupi alichokuwa akikiacha kabla ya kiitikio. Waandishi wa muziki walikiita ukomavu. Yeye mwenyewe hakujua alikianza lini.

Hakupenda kuhukumu mtu kabla hajamaliza kumsikiliza, kwa hiyo alizitafuta nyimbo zote za Udongo, kuanzia za zamani. Zile alizotoa kabla ya kupata vikuku zilikwenda polepole mwanzo hadi mwisho, kama punda anayejua njia. Zote za baada ya vikuku zilikimbia, na zilikimbilia mahali palepale anapokimbilia yeye.

Basi akaona ndivyo mambo yalivyo. Kuna mtu ndani ya Baraza anachota habari za mkono wake na kumpa huyu. Alilizungusha wazo hilo kichwani mpaka likawa laini, halina pa kushikia shaka. Kisha akafungua shauri.

Shauri la Muhuri lilikuwa na sheria fupi. Likishafunguliwa halifutwi. Anayeonekana mwigaji anazimiwa alama maisha. Mlalamikaji akikiri kwamba alikosea, anazimiwa mwaka mmoja. Na mashauri yote yalirushwa hewani, ili watu waone kwamba Muhuri hauna siri.

"Mmalize," Tusekile alisema.

"Nataka kwanza nimwone akipiga."

"Utamwona Barazani."

"Barazani atapiga kama anayetazamwa."

*

Alifika Dodoma siku moja kabla ya shauri, na gitaa ambalo alikuwa amelikata waya kwa makusudi. Udongo, ambaye jina lake halisi ni Ndahani Chilongani, alikuwa fundi wa spika na magitaa huko Kizota. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya zege, paa la zege pia, nene, limetulia. Hata mtu akitupa jiwe juu yake ndani hamngejua. Subilaga alilitazama paa hilo kabla hajamtazama mwenye nyumba.

"Karibu, dada. Mgonjwa wetu ana nini?"

Alikuwa mtu wa makamo mwenye kipara na miwani iliyofungwa kwa uzi wa gitaa. Vikuku vyake vilikuwa mikononi mchana kweupe, kama wafanyavyo wale wanaorekodi kila wapatapo nafasi.

"Amenyamaza ghafla," Subilaga alisema.

Ndahani alilifungua gitaa, akachungulia, akainua macho. "Waya huu haukukatika. Umekatwa."

"Mtoto wa dada yangu huyo. Mtundu."

"Ana mkono mzuri mtoto wa dada yako. Kakata kwa koleo, akapaka vumbi."

Walitazamana kidogo. Ndahani ndiye aliyeshusha macho kwanza, akawasha chuma cha kulehemu. Subilaga alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amekuja kumchunguza mtu, na ndani ya dakika mbili mtu ameshamchunguza yeye.

Kazi ilipokwisha Ndahani aliliunganisha gitaa na spika ili alijaribu. Akapiga "Chumvi". Subilaga aliinama kidogo ili aione mikono vizuri. Ilikuwa mikono ya mtu anayecheza wimbo wake, si ya mtu anayekumbuka wa mwingine. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeishia kwenye kiungo cha kati.

"Mashine ya kusaga," alisema aliposhtukia anatazamwa. "Nilikuwa kijana, najifanya naongea na wasichana huku namimina mtama. Wasichana walikimbia wote, kidole kikabaki."

Kwa sababu ya kidole hicho, kila alipotoka kwenye beti kwenda kwenye kiitikio hakuweza kutelezesha mkono. Aliuinua wote hewani na kuutua upya. Katikati ya kuinua na kutua palibaki kimya kifupi.

Subilaga alikisikia. Alikijua kimya kile kwa urefu wake na jinsi kinavyofunga mlango kabla ya kuufungua. Ndicho kimya chake, ule ukomavu wake, nacho kimetoka kwenye kidole cha mtu kilichobaki mashineni.

"Na huku mwisho," aliuliza taratibu, "kwa nini unakimbia?"

"Wewe nawe umeona? Sijui, dada. Mkono unataka. Naushika, unanitoroka. Kuna mwanamke wa Tukuyu kanishtaki kwa sababu hiyo, kesho tupo Barazani. Anasema nimemwibia." Alicheka bila furaha. "Mimi nimemsikiliza mara mbili tatu tu. Anasikitika mno, unatamani umpelekee uji. Lakini msikilize pale anaponyamaza kabla ya kiitikio. Pale! Yeye ana vidole kumi, ananyamaza cha nini? Kile ni kidole changu. Mwizi ni yeye, na kawahi polisi."

Subilaga alinyoosha mkono. "Nipe gitaa."

Alipiga wimbo wake mmoja tangu mwanzo, bila kuimba. Hakufika mbali. Ndahani alisimama, akaenda kufunga mlango wa karakana, akarudi akasimama na mgongo mlangoni.

"Umekuja kunipeleleza nyumbani kwangu."

"Ndiyo."

"Na waya uliukata mwenyewe."

"Ndiyo, kaka. Nilikuja nikiwa na hakika."

"Na sasa?"

"Sasa sina."

*

Walibishana hadi jua lilipohamia dirisha la pili. Kila mmoja alidhani mwenziwe ana mtu ndani ya Baraza, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Ila kila waliporudi kwenye nyimbo zenyewe, sababu ziligongana. Mwizi angeiba wimbo. Hapa hakuna wimbo ulioibwa, si maneno wala sauti yake. Kilichohama ni haraka na kusita, vitu ambavyo hata mwenyewe hajui anavyo.

Mwishowe Subilaga alitoa vikuku vyake mfukoni, akasema, "Tuvivae, tupige, tuone."

Ndahani ndiye aliyekumbuka msisimko. Alichomoa kitaa kidogo chekundu kwenye redio mbovu, akakilehemu kwenye vipande viwili vya shaba chini ya kikuku cha Subilaga. Kikuku kikitoa umeme, kitaa kingewaka. Hapakuwa na ufundi mkubwa hapo. Mtoto yeyote aliyewahi kucheza na betri angeweza.

Subilaga alipiga. Wote wawili walikodolea taa macho. Ndani ya beti ilimetameta baada ya kila pigo, kama walivyoambiwa. Beti ilipokaribia kwisha ikawaka kabla. Iliwaka, halafu mkono wake ukainuka.

Akarudia. Taa, kisha mkono. Akajaribu kujizuia asiinue, akafaulu mara ya tatu, na mkono ukamuuma kidogo kama mtu aliyekataa kupiga chafya.

Wakakihamishia kikuku kwa Ndahani. Karibu na mwisho wa "Chumvi" kitaa kilianza kumetameta haraka kuliko mapigo yake, na mkono wake ukakifuata, ukakimbilia mvua ambayo haikuwapo.

"Kitu kinachopima hufuata," Ndahani alisema polepole. "Hiki kinatangulia."

Alikivua, akakigeuzageuza kama anayemtazama ng'ombe aliyeuziwa. "Ngoja nikuambie ninavyoona, nawe unikosoe. Kusoma mkono ni kazi. Mtu anakunja, anateleza, anakosea. Kifaa kikikosea, Baraza linapata malalamiko. Kwa hiyo badala ya kungoja kuona umefanya nini, kinakisia utafanya nini. Halafu kinakusukuma kidogo, ili ufanye kilichokisia. Kila siku mkono na sauti vinakubaliana, kila mtu anafurahi."

"Makisio kinayatoa wapi?"

"Kwetu. Kwa wavaaji wote. Mtu anayefanana nawe kidogo ndiye anayekisiwa ndani yako."

Subilaga aliitazama mikono yake magotini. Aliwaza albamu ile ya mwisho, sifa zilizoandikwa, barua za watu waliosema kimya kile kimewasaidia kulia. Akajiuliza kuna kitu gani kingine humo ndani. Labda kuna mpiga besi wa Kigoma. Labda kuna mzee aliyekwisha kufa. Na wao wakoje sasa, wana nini chake?

"Kesho tuseme," alisema.

Ndahani aliweka kikuku mezani kwa uangalifu. "Tuseme nini? Tukisema hili, alama yako inazimika, na yangu, na ya kila aliyevaa. Hapatabaki wimbo wa kijani nchi hii. Watu watarudi kwenye mashine, kwa sababu mashine angalau haisemi uongo." Alivua miwani. "Mimi nimenyimwa Muhuri mara nyingi mpaka karani akanizoea kwa jina. Sababu ni kidole. Mkono wangu haukusomeka. Nimeupata mwaka jana. Mama yangu haoni, lakini kila asubuhi ananiuliza kama taa ya kijani bado inawaka."

"Nisiposema, kesho wanakuzimia wewe maisha."

"Wewe sema ulikosea. Utakaa nje mwaka mmoja, urudi. Hutakufa."

"Na vikuku?"

"Vikuku tumekwisha kuvijua. Tutavizuia wenyewe, kama ulivyozuia sasa hivi."

"Na wasiojua?"

Ndahani aliinuka akachukua koleo. "Lete nikutolee hicho kitaa."

"Kiache," Subilaga alisema, akakivaa kikuku chake.

Ndahani alimtazama kama alivyoutazama ule waya uliokatwa. Alifungua mlango bila kumuaga.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na mazulia mazito na ubaridi wa mashine. Mwenyekiti, Bi Zumrati Mshangama, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kumliwaza mgonjwa. Subilaga alimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu," kwa upole usiokuwa na kasoro. Ndahani alikaa upande wa pili, amevaa koti la suti, na hakugeuza shingo.

Walitakiwa kila mmoja apige wimbo wake akiwa na vikuku. Subilaga aliitwa kwanza. Alipandisha mkono wa sweta, na kitaa chekundu kikaonekana pembeni ya kikuku na nyaya zake mbili zilizolehemiwa.

Bi Zumrati alikiona. Subilaga alikuwa akimtazama usoni wakati huohuo, kwa hiyo aliona macho yakitua pale, yakakaa, yakaondoka. Alingoja aulizwe. Mtu yeyote angeuliza. Kubandika kitu kwenye kikuku kulikuwa kosa lililoandikwa mlangoni kwa herufi kubwa.

Mwenyekiti hakuuliza taa ile ni ya nini.

"Tupumzike kidogo," alisema. "Tuondoke hewani. Wahusika wawili, tafadhali, karibuni huku nyuma."

Chumba cha nyuma kilikuwa na maandazi na chupa ya chai. Bi Zumrati aliwamiminia mwenyewe.

"Nani kawatengenezea hicho?"

"Mimi," Ndahani alisema.

"Kazi safi." Alikaa. "Nyinyi si wa kwanza, wanangu. Kuna bwana mmoja wa Songea alitumia sindano ya dira. Naye tulizungumza, tukaelewana, na mpaka leo anatoa nyimbo nzuri sana."

Subilaga aliirudisha sahani ya maandazi mezani. "Kwa hiyo mnajua."

"Tunajua kwamba vikuku hukosea visiposaidiwa. Tunajua pia kwamba kabla ya Muhuri ulikuwa unafundisha watoto kuimba herufi." Hakulisema kwa ubaya. "Sikiliza. Watu wanahitaji kuamini kuna mtu upande wa pili wa wimbo. Na yupo, sivyo? Uko wewe. Umetia jasho lako. Kuazimana haraka kidogo, kusita kidogo, wanamuziki wamefanya hivyo tangu zamani wakiwa wamekaa chumba kimoja."

"Waliokaa chumba kimoja walikuwa wanaonana," Subilaga alisema.

"Nawapa hivi. Tukirudi hewani nitatangaza sare. Sheria inaniruhusu, ingawa sijawahi kuitumia. Hakuna mwigaji, hakuna aliyekosea. Alama zenu zote mbili zinabaki. Bwana Chilongani anarudi nyumbani. Wewe utasema neno moja tu, 'nakubali'."

Ndahani alifumba macho. Alipoyafumbua, kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama Subilaga, na hakuwa na hasira tena. Aliomba tu, bila sauti, kama mtu aliyefikishwa mlangoni kwake na sasa anaogopa kugeuzwa.

Hapo ndipo Subilaga alipohisi shaka mbaya kuliko zote. Toleo lilikuwa zuri mno. Hakuna aliyepoteza. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka kidogo juu ya goti, tayari kupokea, na hakuweza kusema kwa hakika ni nani aliyeuinua.

*

Waliporudi hewani, mwenyekiti alisoma maneno ya sare vizuri, bila haraka. Kisha akamgeukia Subilaga, akasema, "Bi Mwaisaka?"

Subilaga alikuwa ameketi na gitaa lake. Kamera ilikuwa mbele yake, na zaidi ya kamera walikuwapo wote, watu wa Mwanza na Bujumbura, na wale wanaolia kwenye kimya. Aliwaza mama asiyeona anayeuliza taa kila asubuhi. Alimwaza kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa hewani.

"Naomba nipige kwanza," alisema. "Ndivyo ilivyopangwa. Tazameni hii taa nyekundu. Ikiwaka, ni kikuku kimenisukuma. Tazameni kipi kinaanza, yenyewe au mkono wangu."

"Bi Mwaisaka," sauti ya mwenyekiti ilikuwa bado ya upole, "hilo si sehemu ya shauri."

Alikwisha kuanza. Alipiga beti ya kwanza akiinua mkono juu kidogo ili kamera iione. Taa ikawaka, mkono ukasita, kiitikio kikaja. Akapiga beti ya pili; taa, kisha mkono. Alimsikia mtu safu ya mbele akisema, "Aa!" kama aliyejikata. Katika beti ya tatu taa iliwaka, naye akaupitisha mkono moja kwa moja bila kusita. Ukamuuma, sauti ikatoka ya ovyo, na akaendelea nayo.

Kwenye ukuta wa ukumbi, pale majina yao yalipoandikwa, alama ya kijani ya kwake ilizimika. Hakuacha kupiga. Muda si muda ikazimika na ya Ndahani. Hakuona ni nani aliyezizima, wala kama ni mtu.

*

Ndahani alimfikia koridoni. Alikuwa amevivua vikuku, na pale vilipokuwa ngozi ilikuwa nyeupe, laini kama ya mtoto.

"Kanipa sare," alisema. "Umesikia kwa masikio yako. Sare!"

"Nilisikia."

"Nitamwambia nini mama yangu kesho asubuhi?"

Subilaga alisema tu, "Ningekuuliza ungekataa. Kwa hiyo sikukuuliza. Hilo nimekukosea."

"Umenikosea sana." Alisimama akihema. Ilionekana kama kuna neno jingine linakuja, la matusi au la namna nyingine, lakini alilimeza. Aliviweka vikuku vyake kwenye dawati la mlinzi, akatoka nje juani, na hakugeuka.

Simu ililia. Ilikuwa Tusekile, na nyuma yake saluni nzima ikiongea kwa mpigo.

"Subi! Mtandao umetukatikia katikati ya shauri, unarudi alama yako imezimika! Nyimbo zote, mama, tangu ya kwanza! Nimeonyesha wateja, wanasema Baraza limekuzimia. Nani kafanya hivyo? Yule mwizi wa Dodoma?"

"Hapana. Si yeye, na si mwizi."

"Baraza basi?"

"Hapana."

"Sasa nani?"

Subilaga alikifungua kikuku cha kulia, kisha cha kushoto chenye kitaa chake, akavishika viganjani. Mlinzi alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mimi," alisema. "Hilo nina hakika nalo."